Kuhariri Video za Kamera ya Mfukoni: Kutoka Dalili hadi Chanzo

Mtu anaporudi nyumbani na kamera ya mfukoni iliyojaa video, akakuta picha inakwama, sauti imeachana na midomo au faili limekataa kabisa kufunguka, huanza kwa kuilaumu kompyuta na kisha kuigeukia programu ya kuhariri. Nimewaona watu wakiongeza memori na kubadilisha programu tatu kwa wiki moja huku ugonjwa ukibaki palepale, kwa sababu chanzo kilikuwa ndani ya faili lenyewe tangu liliporekodiwa. Ushauri wangu katika maelezo yote yanayofuata ni mmoja: lichunguze faili kabla hujatoa hata shilingi.

Mifano mingi nitakayotumia inatokana na kazi moja. Nilimrekodi babu yangu, fundi wa majahazi huko Nungwi, Unguja, kwa takribani saa nzima akieleza namna mbao zinavyochongwa kwa tezo, zinavyotobolewa kwa keekee na namna pamba inavyoshindiliwa katika nyufa wakati wa kutia kalafati. Kamera ilikuwa ya bei ndogo, isiyo na hata tundu la maikrofoni. Karibu kila hitilafu iliyoelezwa hapa ilijitokeza katika rekodi hiyo, na kwa kuwa maneno ya mzee hayarekodiwi mara mbili kwa namna ileile, ilinibidi niitafutie dawa kila moja.

Kabla ya kugusa chochote

Toa kadi kwenye kamera, sukuma kile kitufe kidogo cha kufunga kilicho ubavuni mwa kadi ya SD ili kisiandikwe kitu juu yake, kisha nakili folda zote, si video peke yake, hadi kwenye diski ya kompyuta. Usihariri moja kwa moja kutoka kwenye kadi, wala kutoka kwenye kamera iliyounganishwa kwa waya wa USB, kwa sababu njia hizo ni za polepole na kukwama kwake kunafanana sana na kukwama kunakotokana na sababu nyingine, hivyo utapotea njia mapema.

Baada ya hapo lifungue faili kwa MediaInfo, programu ya bure ambayo haichezi video bali hueleza tu kilichomo. Andika mahali aina ya kodeki (yaani njia iliyotumika kuibana video), ukubwa wa picha, idadi ya fremu (picha mojamoja zinazounda video) kwa sekunde, kama idadi hiyo ni thabiti au inabadilikabadilika, kasi ya data, na kipimo cha sauti kwa kilohezi. Mistari hiyo michache itakuokolea siku nzima ya kubahatisha.

Video inachezeka vizuri kwenye VLC (programu ya kutazamia video), lakini inakwama ukianza kuikata

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote, na inaeleweka ukijua namna kamera inavyookoa nafasi. Tangu enzi za kamera ya Flip, iliyoingia sokoni mwaka 2007 na kusitishwa na kampuni ya Cisco Aprili 2011, na Kodak Zi8 ya mwaka 2009 iliyoweza kurekodi picha ya mistari 1080, kamera za mfukoni zimejengwa juu ya wazo la kubonyeza kitufe kimoja na kupata faili dogo. Udogo huo unatokana na kodeki kama H.264, ambayo haihifadhi kila fremu kwa ukamilifu wake. Huhifadhi fremu moja kamili, kisha katika fremu nyingi zinazofuata huandika tu kilichobadilika: mkono umeinuka, tezo limeshuka, ukuta wa nyuma umebaki ulivyo.

Kwa anayetazama tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, mpango huo hauna kasoro, kwa sababu kompyuta inajenga fremu moja juu ya nyingine kwa utaratibu. Mhariri hatazami hivyo. Mhariri anaruka, anarudi nyuma, anasogeza fremu mbili mbele na kusimama, na kila anaposimama kompyuta inalazimika kuirudia fremu kamili iliyotangulia na kuzijenga upya zote zilizo katikati ili kumwonyesha hiyo moja anayoitaka. Kompyuta mpakato ya kawaida inachoka hapo hata kama inacheza filamu bila taabu.

Dawa ni kuligeuza faili liwe katika kodeki ya kuhariria, ambamo kila fremu inasimama peke yake. Zinazotumika sana ni ProRes ya Apple na DNxHR ya Avid. Kwa mwenye FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri, hii inatosha:

ffmpeg -i asili.mov -fps_mode cfr -r 30000/1001 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_lb -pix_fmt yuv422p -c:a pcm_s16le kazi.mov

Katika matoleo ya zamani ya FFmpeg, sehemu ya -fps_mode cfr iandikwe -vsync cfr. Ile namba ya 30000/1001 ni fremu 29.97 kwa sekunde, na kama kamera yako imerekodi kwa fremu 25 uandike 25.

Jiandae kwa upande wa nafasi. Saa moja ya video ya megabiti 12 kwa sekunde ina takribani gigabaiti 5.4, ilhali saa hiyohiyo ikigeuzwa kwa amri iliyo hapo juu, kwa picha ya mistari 1080, hufikia takribani gigabaiti 20, na ikiwekwa katika ProRes 422 ya kawaida huvuka 60. Wengi hushtuka wakidhani wamekosea. Hawajakosea, faili limekua kwa sababu limefunguliwa, na ubora haujaongezeka hata chembe, kwani kile ambacho kamera ilikitupa wakati wa kurekodi hakirudi tena.

Kama diski haitoshi, tumia mafaili wakilishi, ambayo wahariri wengi huyaita proksi: nakala ndogo na nyepesi unazokatia, kisha programu inarudi kwenye mafaili ya asili wakati wa kutoa kazi iliyokamilika. Shotcut, Kdenlive na DaVinci Resolve zote zina njia hiyo. Mimi mwenyewe hupendelea kugeuza mafaili yote tangu mwanzo, kwa sababu proksi huficha matatizo ya sauti na ya fremu hadi siku ya mwisho, wakati muda wa kuyarekebisha umekwisha.

Sauti na picha haviendi pamoja

Hapa pahitaji subira, kwa sababu watu hulitaja jambo hili kama ugonjwa mmoja ilhali ni magonjwa matatu tofauti. Tafuta katika video yako kitendo chenye mlio mkavu: mlango unaofungwa, makofi, kikombe kinachowekwa mezani. Mimi nilikuwa na pigo la tezo kwenye ubao wa mvule, na sijawahi kupata kipimo kizuri zaidi ya hicho. Lisimamishe pigo moja mwanzoni mwa rekodi, moja katikati na moja karibu na mwisho, kisha ulinganishe katika kila mahali fremu ambayo chuma kinagusa ubao na mahali mlio unapoonekana kwenye mchoro wa sauti.

Ikiwa tofauti ni ileile mwanzo, katikati na mwisho, tatizo ni jepesi. Kwanza hakikisha hukuwa ukisikiliza kwa spika au vipokea sauti vya Bluetooth, kwa kuwa hivyo huchelewesha sauti hata kama faili halina kasoro yoyote. Chomeka vya waya ujaribu tena. Tofauti ikiendelea kuwapo, tenganisha sauti na picha kwenye taimlaini (ule mstari wa muda ambao vipande hupangwa) na uisogeze sauti kwa fremu chache zinazohitajika.

Ikiwa tofauti inakua polepole, mambo ni mengine. Katika rekodi yangu, dakika ya pili tezo na mlio wake vilikuwa kitu kimoja; kufikia dakika ya arobaini babu alikuwa ameshainua tezo juu ya bega ndipo "ko!" inasikika, kama vile mlio unatoka ng'ambo ya pili ya ufuo. Nilipolirudia faili kwa MediaInfo, nilikuta kwamba idadi ya fremu haikuwa thabiti. Kamera nyingi za bei nafuu, kama simu nyingi, zinapokosa mwanga hupunguza idadi ya fremu kwa sekunde ili kila fremu ipate muda zaidi wa kukusanya mwanga. Tulikuwa chini ya banda la makuti, na kila wingu lilipofunika jua kamera ilishuka kutoka fremu 30 hadi chini ya hapo, kisha ikapanda tena. Programu ya kuhariri ilizihesabu fremu zote kana kwamba zina urefu sawa, kwa hiyo picha ikawa inatangulia na sauti inabaki nyuma, kidogokidogo, dakika hata dakika.

Usijaribu kutibu hali hii kwa kuvuta sauti iwe ndefu au fupi kwenye taimlaini. Utapatanisha mwisho na utaharibu katikati, kwa sababu kupishana hakuendi kwa kiwango kimoja. Dawa ni ileile amri ya FFmpeg niliyoitaja, ambayo hurudia fremu pale zilipopungua hadi hesabu iwe sawa muda wote, au programu ya HandBrake ukichagua katika sehemu ya video lile chaguo lililoandikwa Constant Framerate. Fanya hivyo kabla ya kukata kipande cha kwanza. Ukiwa umeshakata nusu ya kazi, nakushauri kwa moyo mzito uanze upya, kwa kuwa kuokoa kilichokwisha kukatwa huchukua muda mrefu zaidi.

Ipo sababu nyingine ya tofauti inayokua, nayo hukua kwa mwendo sawasawa. Video ya fremu 29.97 ikisomwa kana kwamba ni ya fremu 30 kamili, kosa ni sehemu moja kwa elfu, yaani takribani sekunde 0.6 kwa dakika kumi na sekunde 3.6 kwa saa. Ukipima na kupata hesabu inayokaribia hiyo, kafungue mipangilio ya mradi wako na ya kipande chenyewe, urekebishe namba. Vilevile, ukirekodi sauti kwa simu au kinasa kingine, tarajia kupishana kidogo katika rekodi ndefu, kwani saa za ndani za vifaa viwili hazilingani kikamilifu. Hapo ndipo panaporuhusiwa kukata sauti katika sehemu za ukimya na kuipatanisha upya kila baada ya dakika kadhaa.

Ikiwa tofauti inatokea ghafla, yaani kila kitu kilikuwa sawa hadi mahali fulani kisha kikaruka, shuku kadi. Kadi isiyoweza kuandika kwa kasi inayohitajika huifanya kamera idondoshe fremu. Alama ya Class 10 maana yake kadi inapaswa kuandika angalau megabaiti 10 kwa sekunde, na V30 ni megabaiti 30; lakini alama huchapishwa kirahisi, na kadi za bandia zinazojidai kuwa na ukubwa zisio nao ni nyingi. Ijaribu kadi mpya kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac kabla ya kuipeleka kwenye shughuli ya mtu. Programu hizo huijaza kadi yote na kuisoma tena, na hazidanganyiki.

Sauti ya msemaji ikiwa imebadilika, imekuwa nyembamba na ya haraka au nzito na ya kuburuta, basi kipimo cha kilohezi kimesomwa vibaya, kwa mfano 44.1 kuchukuliwa kuwa 48. Igeuze sauti iwe kilohezi 48 kabla ya kuingiza.

Faili lina ukubwa, lakini halifunguki

Mara nyingi betri ilikata moto, au mtu alichomoa kadi kabla ya kuzima kurekodi. Katika mafaili ya MP4 na MOV, kamera huandika picha na sauti kwanza, na mwishoni kabisa huandika faharasa inayoeleza kila fremu iko wapi. Betri ikifa katikati, faharasa haikuandikwa. Kilichomo ni kitabu kamili kisicho na namba za kurasa, na hakuna mchezaji anayejua pa kuanzia.

Acha kuitumia kadi hiyo mara moja. Kisha tumia programu ya bure iitwayo untrunc, ambayo inahitaji faili lingine zima lililorekodiwa kwa kamera ileile na kwa mipangilio ileile ili ijifunze humo umbo la faharasa na kuijenga upya. Kama huna faili zima la namna hiyo, rekodi dakika mbili kwa kadi nyingine. Mafanikio hutegemea hali ya faili, lakini nimeokoa kwa njia hii dakika kumi na moja za babu akieleza kalafati, na hazikukosa hata neno.

Rekodi moja imekatwa vipande

Kadi za hadi gigabaiti 32 kwa kawaida huwa katika mfumo wa FAT32, na mfumo huo haukubali faili linalofikia gigabaiti 4. Kwa megabiti 12 kwa sekunde, kikomo hicho hufikiwa karibu na dakika ya 47, na kamera hufunga faili na kufungua jipya. Ukiviweka vipande viwili kando kwa kando kwenye taimlaini, huenda ukasikia mlio mdogo wa "tik" au pengo mahali pa kuungana. Viunganishe kwanza nje ya programu ya kuhariri, kwa kuandika majina yake katika faili la maandishi, kila jina kwenye mstari wake likitanguliwa na neno file, kisha:

ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy nzima.mov

Njia hii haipunguzi ubora kwa kuwa haigeuzi kitu. Kwa kamera za AVCHD, mfumo mwingine wa kurekodi wenye mafaili ya MTS, hapa ndipo inapoonekana faida ya kunakili folda zote: programu nyingi huvitambua vipande kuwa rekodi moja zikiona mpangilio mzima wa folda, lakini zikipewa mafaili ya MTS yaliyochomolewa peke yake huacha pengo la sauti katika kila kiungo.

Picha inapepesa ndani ya nyumba

Mistari myepesi ya giza inayopanda au kushuka kwenye picha, hasa chini ya taa za tyubu na baadhi ya taa za LED, inatokana na umeme na si ubovu wa kamera. Umeme wa Tanzania, Kenya, Uganda na hata Oman ni wa hezi 50, na taa hizo huzidi na kupungua mwanga mara 100 kwa sekunde. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60, kwa hiyo kamera iliyoletwa na ndugu kutoka huko mara nyingi huwa imepangwa kwa hezi 60, na kasi yake ya shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya sekunde 1/60 hukamata mapigo ya taa yasiyo kamili, fremu moja ikipata mwanga zaidi ya nyingine. Ingia kwenye mipangilio, tafuta hezi 50, na kama kamera inaruhusu kuchagua kasi ya shata, weka 1/50 au 1/100. Hufanyi kosa kubaki na fremu 30. Kinachotibu ni kasi ya shata.

Kwa video iliyokwisha kurekodiwa, zipo programu zinazochanganya fremu jirani ili kusawazisha mwanga, na kwa kuwa kwa fremu 30 mpangilio wa kupepesa hujirudia kila baada ya fremu tatu, kuchanganya fremu tatu husaidia. Gharama yake ni kwamba mkono unaokwenda haraka huacha kivuli. Mimi nilikubali kupepesa kuliko kuipoteza mikono ya fundi.

Vivuli vimekuwa lami nyeusi

Kama video kwenye VLC inaonyesha sura vizuri, lakini kwenye programu ya kuhariri nyuso zilizo kivulini zimezama katika weusi na anga limekuwa jeupe tupu, huenda kamera imerekodi mwanga kwa kipimo cha 0 hadi 255 ilhali programu inaamini ni 16 hadi 235, hivyo inakivuta na kuvikata vilivyoko pande zote mbili. Tafuta katika sifa za kipande mahali pa kuchagua kipimo kamili. Usianze kusahihisha rangi kabla ya hapo, kwa maana utakuwa unaongeza mwanga mahali ambapo programu imeshaufuta. Nilipobadilisha chaguo hilo moja, mikunjo ya uso wa babu chini ya kofia yake ilirudi yote.

Chenga za giza ni jambo tofauti na hazina dawa kamili. Kihisi kidogo kikikosa mwanga hukuza mawimbi yake na kuzaa chenga, na kodeki ikashindwa kuzibana chenga hizo ikageuza sehemu nzima kuwa viraka vya mraba. Wakati wa kuhariri, punguza mwanga wa picha badala ya kuuongeza. Viraka vikiwa vimebaki gizani havionekani sana.

Nguzo zinazolala upande unapogeuza kamera haraka, na picha inayotetema kama jeli juu ya boti yenye injini, husababishwa na kihisi kinachosoma picha mstari kwa mstari. Programu za kutuliza mtikisiko hutuliza mkono, lakini nyingi hazinyooshi vizuri nguzo iliyokwisha kupinda. Mistari ya meno ya kitana kwenye vitu vinavyotembea, kwa upande mwingine, hutibika vizuri: ni alama ya picha iliyorekodiwa kwa nusu mbili, 1080i, na kichujio cha yadif au bwdif ndani ya FFmpeg huiunganisha.

Kabla ya kumkabidhi mtu kazi

Kazi ikishatolewa, usiangalie mwanzo wake tu, kwani mwanzo karibu kila mara huwa mzuri. Lifungue faili lililokamilika kwenye simu ya kawaida, kwa vipokea sauti vya waya, uende moja kwa moja kwenye dakika za mwisho na utafute kile kitendo chenye mlio mkavu. Kwangu lilikuwa pigo la mwisho la tezo, dakika ya hamsini na nane, babu akichonga ncha ya kigingi. Chuma kiligusa mti, mlio ukatoka papo hapo, ndipo nilipoifuta kadi.